Nakala ya "Wimbo wa Kipozamataza": karatasi safi, jua limezidishwa

Nakala ya mchoro wa Jules Breton, "Wimbo wa Kipozamataza", niliyoiagiza mtandaoni imechapwa kwenye karatasi nene isiyong'aa na imefika bila mkunjo, kwa hiyo kuhusu karatasi na ufungashaji sina neno. Lawama yangu ni ya rangi, kwa kuwa katika mchoro huu rangi ndiyo iliyobeba maana.

Mchoro wenyewe, wa rangi za mafuta kwenye turubai, ni wa mwaka 1884 na umetundikwa katika jumba la Art Institute of Chicago. Msichana wa shamba, wa huko Courrières kaskazini mwa Ufaransa alikozaliwa Breton, amesimama peku njiani alfajiri, mundu mkononi na kinywa wazi kidogo, akimsikiliza ndege. Kwa kuwa jua linachomoza nyuma yake, uso wake umo katika kivuli chepesi, na mtazamaji hana budi kusogea ndipo ausome.

Wengi huuona mchoro huu kuwa wa matumaini. Mwigizaji Bill Murray alisimulia hadharani mwaka 2014 jinsi ulivyomtia moyo siku alipokuwa amekata tamaa mjini Chicago. Sipingi, ila mimi huanza kuutazama kutoka chini: miguu iliyozoea udongo, kisha vidole ambavyo havijauachia mundu ingawa masikio yako angani. Huyu hakuja kutazama macheo. Amekuja kazini, na wimbo umemsimamisha kwa dakika ambazo hakuna atakayemlipa.

Wachapaji wamelikoleza jua hadi likawa kama la kalenda ya dukani, kisha wakaufuta ule kivuli, na sasa msichana anaonekana kama aliyejipanga mbele ya kamera. Isitoshe, turubai yenye kimo cha sentimita 110.6 na upana wa 85.8 imelazimishwa kuingia katika kipimo cha 60 kwa 40, hivyo shamba limepunjwa pande zote mbili, na pamoja nalo ule upana wa kazi inayomsubiri.

Kwa bei waliyotoza, siipendekezi. Jumba hilo la Chicago limeweka picha ya mchoro huu kwenye tovuti yake, nayo hupakuliwa bure ikiwa na ubora wa juu. Ni heri uipeleke kwa mchapaji wa mtaani kwako, umsisitizie asiiongezee mwanga wala asiikate.