Mashine ndogo ya kung'arishia mawe: miezi yangu mitano nayo hapa Nakuru

Anayeniuliza kama mashine hii inunuliwe, namjibu ndiyo. Ila karatasi ya maagizo iliyokuja nayo inasema kazi ina hatua nne, kila moja siku saba, na kwa hatua ya kwanza hilo si kweli. Hizo siku saba ndizo zilizoniharibia mawe mwanzoni, na ndiyo sababu naandika.

Niliiagiza mtandaoni mwezi wa pili, shilingi 11,500 pamoja na kuifikisha Nakuru. Ina pipa moja la mpira mzito la kilo 1.4, na katika hesabu hiyo yamo mawe, maji na unga wa kusagia, si mawe peke yake. Pipa hulala juu ya fito mbili za chuma. Mota huvuta mkanda, mkanda huzungusha fito moja, na fito hulizungusha pipa taratibu usiku na mchana. Ndani, mawe hupanda na ukuta wa pipa kisha huporomoka juu ya mengine, na unga ulio katikati yao hula pembe kidogo kidogo. Kabla ya kulipa nilimuuliza muuzaji kuhusu volti, maana nyingine hutengenezewa soko la Marekani, volti 110 hadi 120, na ukiichomeka kwenye 240 zetu mota inaungua. Yangu imeandikwa 220 hadi 240. Lebo yake inaonyesha wati 20, kwa hiyo wiki nzima bila kuzimwa inakula kama uniti tatu na nusu za tokeni. Kwa upande wa stima sina lawama.

Kelele ndiyo ya kufikiria. Nakaa kwenye ploti ya nyumba sita Free Area, na asubuhi ya pili jirani alinisimamisha mlangoni: "Mama Imani, kwako mvua hainyamazi?" Ndivyo inavyosikika kupitia ukuta, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Nikaihamishia stoo ya nje na kuiweka juu ya kipande cha zulia. Sikuifunika, kwa sababu mota inahitaji hewa.

Mkupuo wa kwanza nilichanganya kila nilichokuwa nacho. Vipande vya jiwe la sabuni nilivyopewa na mchongaji wa Tabaka, Kisii. Kwatzi, jiwe jeupe gumu, kutoka kwa mjomba wangu Kakamega. Na obsidiani, lile jiwe jeusi la kioo, kutoka shamba la rafiki yangu upande wa Eburru. Siku ya saba nilipofungua, jiwe la sabuni halikuwepo. Lilikuwa limesagika likawa tope zito la kijivu, na tope hilo lilikuwa limeyalainishia mawe mengine njia hata yasisuguane vizuri. Kwatzi ilikuwa karibu vilevile nilivyoitia. Obsidiani iliniuma zaidi: kila ukingo ulijaa alama nyeupe ndogo, zimepinda kama mwezi mwandamo, mahali ilipogongwa na kwatzi.

Sababu ni ugumu. Kwenye kipimo alichokiweka Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho huanzia 1 hadi 10, talki iliyomo kwenye jiwe la sabuni ni 1, obsidiani ni kama 5 hadi 5.5, kwatzi ni 7. Ukiyaweka pipa moja, gumu linamla laini. Siku hizi kabla ya kuchanganya napima kwa vitu vya nyumbani. Likikwaruzika kwa ukucha, ni laini mno kwa mashine hii. Likikwaruza kioo cha chupa bila taabu, na kisu kisiliachie alama, linaweza kukaa na kwatzi.

Mkupuo wa pili ulikuwa kwatzi tupu, na nikafuata karatasi neno kwa neno. Unga huja kwa namba, na namba ndogo ndiyo yenye chembe kubwa: 60/90 ya silikoni kabaidi kwa kuanzia, halafu 120/220, halafu 500, na mwisho ule mweupe laini wa oksidi ya alumini wa kung'arishia. Wiki moja kwa kila mmoja. Katikati ya wiki ya tatu stima ilipotea Jumamosi usiku, ikarudi Jumapili jioni nikiwa Kisumu. Pipa likisimama, tope hutua chini na kugandamana kama saruji. Niliporudi mashine ilikuwa inazunguka, lakini mawe yote yalikuwa donge moja linalogonga ukuta wa pipa, na nikalichimba kwa kijiko. Tangu hapo nikisafiri naizima, namwaga, naosha, naondoka.

Mwezi ukaisha. Nilipoyatoa yalinimeremetea majini hata nikamwita Imani aje aone. Yalipokauka kwenye taulo, mng'ao uliondoka nayo maji. Jiwe lolote likilowa hung'aa, hata kokoto ya barabarani; subiri likauke ndipo ulihukumu. Nikayashika moja moja dirishani. Yalikuwa na mashimo madogo na mifereji ambayo hatua ya kwanza haikuifikia, na mahali palipokuwa laini palikuwa na mikwaruzo myembamba. Mashimo yalitokana na haraka. Mikwaruzo ilitokana na chembe za 60/90 zilizojificha kwenye mashimo hayohayo na kwenye ukingo wa kifuniko, zikaingia nami hadi hatua ya mwisho. Chembe chache tu za unga mkubwa zinatosha kukwaruza pipa zima.

Kwa hiyo nikayarudisha yote mwanzo. Mawe yajaze theluthi mbili hadi robo tatu za pipa, maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu, unga wa 60/90 vijiko vinne vya mezani. Kila baada ya siku saba nafungua, naosha, napitisha kidole gumba juu ya kila jiwe. Lenye ufa natoa. Lililo tayari naweka kando. Mengine yanarudi na unga mpya, kwa sababu ule wa zamani unakuwa umeshasagika na hauumi tena. Wiki ya kwanza mawe manne tu kati ya ishirini na tisa yalikuwa tayari. Wiki ya pili tisa. Wiki ya tatu kumi na moja, na matano yaliyobaki yalikuwa na nyufa za ndani, nikayaacha. Nafasi inayobaki naijaza kwa shanga ndogo za plastiki, la sivyo mawe yanaanguka kwa kishindo na kupasuka.

Kuosha nako nimekutengea mswaki wa meno na beseni mbili. Kifuniko nakisugua kwa ndani mpaka kidole kisihisi chembe. Tope namwaga kwenye shimo nyuma ya ploti, kamwe si kwenye sinki wala chooni, kwa kuwa linaganda ndani ya bomba na hapo utamwita fundi avunje sakafu.

Hatua tatu zilizofuata zilikwenda kwa siku saba saba kama karatasi inavyosema, na huko karatasi iko sawa. Baada ya ule unga mweupe niliyazungusha saa chache zaidi na maji na vipande vya sabuni ya mche, ili unga utoke kwenye vinyweleo vya jiwe. Yakakauka. Safari hii mng'ao haukuondoka. Jiwe moja lina mstari wa rangi ya kutu ukilipitia katikati, na ukilielekeza kwenye taa unaona mwanga umeingia ndani yake kama unavyoingia kwenye barafu. Nililishika muda mrefu.

Niseme kidogo juu ya mahali pa kuokota, kwa sababu watu wananiuliza. Kule kwa mjomba watu wamechimba dhahabu tangu miaka ya 1930, na dhahabu yenyewe hukaa kwenye mishipa ya kwatzi, ndiyo maana mapande meupe yametapakaa. Mimi nachukua yale yaliyo shambani kwake mwenyewe. Sigusi mchanga wala mawe ya pale wanaposagia, kwa sababu hapo hutumia zebaki, na sitaki sumu hiyo ndani ya beseni ninamoosha kwa mikono. Huku kwetu usiokote chochote Hyrax Hill wala Kariandusi, maeneo ya mabaki ya kale, wala ndani ya hifadhi ya Ziwa Nakuru. Kariandusi kuna shoka za mawe za watu wa kale, nyingine za obsidiani, na kipande unachokiona takataka pengine kilichongwa na mkono wa mtu.

Obsidiani niliirudia peke yake mwezi wa sita. Nilivaa miwani na glavu kuivunja, maana ukingo wake unakata kuliko wembe. Nikaruka 60/90, nikaanzia 120/220 na shanga za plastiki nyingi, wiki mbili, kisha nikaendelea. Imetoka nyeusi kama jicho la mbuzi, na kwenye ncha nyembamba ukiinua juani inakuwa kahawia ya moshi. Mawili bado yana zile alama za mwezi mwandamo.

Kuhusu mashine yenyewe, mawili yaniudhi. Kifuniko kilivuja wiki mbili za mwanzo hadi nilipojifunza kuukausha ukingo wa mpira kabisa kabla ya kukibana. Hilo karatasi haisemi. Na mkanda ulikatika mwezi wa nne. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu hata mmoja, mwishowe nikapata mpira wa mviringo wa kipimo kilekile kwenye duka la vipuri vya pampu za maji hapa mjini, na unafanya kazi mpaka leo. Unga uliokuja kwenye boksi ulitosha mkupuo mmoja. Nunua 60/90 ya ziada siku ileile unayonunua mashine, mara tatu ya zile nyingine.

Lile jiwe lenye mstari wa kutu nilimpelekea mjomba mwezi uliopita. Alilifuta kwa shati, akaligeuza, akaniuliza, "Hili ni lile la pale kwenye mihogo?" Nikamwambia ndilo, mjomba. Hakusema zaidi. Jumanne iliyofuata nilipigiwa simu kutoka steji nikachukue mzigo wangu: nusu gunia la kwatzi, limefungwa kwa kamba ya katani, na juu yake karatasi yenye mwandiko wake, "Haya hayana nyufa, nimeyachagua." Kilo ya kwanza iko ndani ya pipa sasa, wiki ya pili ya hatua ya kwanza.