Gereji ya Masasi inayomfuata mteja hadi ng'ambo ya Ruvuma

Wakazi wa Mtwara na Lindi wanaoendesha magari hadi Msumbiji kupitia Daraja la Umoja katika mto Ruvuma, lililofunguliwa mwaka 2010, wana sababu ya kuitafuta gereji ndogo iliyoko Masasi ambayo mafundi wake hukubali kuvuka mpaka wa Mtambaswala kumfuata mteja aliyekwama upande wa Negomano, ndani ya Msumbiji. Gari langu lilipochemsha huko, fundi alianza kazi kwa simu: aliniagiza niegeshe pembeni, niweke pembetatu za tahadhari, nivae kizibao cha kuakisi mwanga na nisiguse mfuniko wa rejeta hadi injini ipoe, maana maji yenye shinikizo huruka na kuunguza. Kisha aliuliza jambo ambalo wengi hulisahau, yaani tarehe ya mwisho ya kibali cha forodha, kwa sababu gari la kigeni likikaa gereji hadi kibali kiishe, mwenye gari huwa na jambo jingine la kujibu. Alifika na mipira ya rejeta na feni belti, akakuta mpira wa juu umepasuka, akaubadilisha palepale. (Kireno chake cha kuombea maji kijijini kilikuwa kibovu, ila Kimakonde kilitosha.)

Sikuridhishwa na malipo: gharama ya kazi ilitajwa mapema, ilhali saa za kusubiri mpakani zilidaiwa baadaye. Anayepiga simu aulize hilo kabla fundi hajaondoka Masasi, na atume picha ya kadi ya gari ili viletwe vipuri vya injini husika.