Dresing za fedha ya nano: kazi zinafanya, ila msidanganywe dukani

Mama ana sukari, akapata kidonda chini ya kidole gumba cha mguu, kikaanza kunuka hatari na usaha haukati, tukaosha weee tukabadilisha gozi kila siku wapi, ndo nesi akatuandikia hizi dresing za fedha ya nano, yaani vitambaa vya kufunikia kidonda vyenye chembe ndogo sana za madini ya fedha (silver). Brandi siitaji maana naona zinafanana tu, kitambaa flani cha kijivu unakata na mkasi saizi ya kidonda.

Harufu ilikata mapema kuliko nilivyotegemea kwakweli. Chembe za fedha zenyewe ni chini ya nanomita 100, yaani ukizipanga mstari zinaingia zaidi ya 10,000 kwenye milimita moja, na kwa udogo huo fedha inatoka kidogo kidogo siku 3 mpaka 7 kutegemea aina, inaua bakteria muda wote huo. Kwahiyo hamfungui kila siku. Kwetu hilo ndo lilikuwa la maana, gozi kavu ikigandia ukiibandua inaondoka na kanyama kapya na damu juu.

Sasa angalieni hapa. Ile yetu inaloweshwa na maji ya sindano, SIO maji ya chumvi, chumvi ina kloraidi inaikamata fedha kabla haijafanya kazi. Imeandikwa kwenye boksi kwa vimaandishi vidogo, na muuzaji alikuwa ameshanifungashia chupa ya saline, yaani hayo hayo maji ya chumvi, nesi ndo akaikataa. Alafu ngozi ya pembeni inaweza kuwa nyeusi nyeusi, msishtuke.

Kilichoniudhi, huyohuyo muuzaji ananiambia eti "ina growth factor ndani, inaotesha nyama". Hamna kitu! Growth factor ni protini, dawa nyingine kabisa. Marekani kuna jeli inaitwa Regranex ilipitishwa 1997, inakaa kwenye friji, Cuba wana Heberprot-P inachomwa sindano kidondani. Kuzifungia growth factor ndani ya chembe za nano ili vimeng'enya vya kidonda sugu visizitafune, wataalamu wanahangaika nayo lakini bado ni mambo ya utafiti zaidi, sio kitu cha kukuta duka la mtaani. Boksi likiandika silver basi umenunua kiua bakteria. Hata muongozo wa kimataifa wa vidonda vya mguu wa kisukari unasema fedha isitumike kwa lengo la kuharakisha kupona tu.

Kwetu usaha ulivyokata nesi akatutoa huko tukarudi dresing za kawaida, na akawa mkali zaidi kwenye kiatu na sukari, mama asikanyagie kidonda.

Dresing naipa nyota 4, moja nimekata kwa bei. Duka nyota 1. Na mkienda msikubali kuchukua boksi zima, waambieni wawauzie moja moja, mnaweza kuambiwa muache kabla hata haijafika nusu.