Mirathi Moshi: wakili wa kulipa au msaada wa kisheria?

Matanga yakishaanuliwa, familia nyingi za Moshi hubishana: tutafute wakili wa kulipa, au twende kituo cha msaada wa kisheria kama KWIECO?

Kwa gharama, kituo kinashinda. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa wasio na uwezo kuhudumiwa bure. Wakili hulipwa, hivyo ada iandikwe mapema, hasa akitaja asilimia ya mali.

Ugumu wa mirathi yenyewe ndio wa kupima zaidi. Marehemu aliyeishi kimila au kwa sheria ya Kiislamu, shauri lake hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Hapo msaidizi wa kisheria anatosha kukuelekeza. Lakini kukiwa na wosia unaopingwa, kampuni, au kihamba (shamba la ukoo la Wachaga) ambacho shemeji wanamnyang'anya mjane, wakili ana thamani yake. Inauma kuona mama akihamishwa kwa kukosa wa kumsemea. Hakiki tu jina la wakili kwenye e-Wakili, mfumo wa mtandaoni wa Mahakama.

Ufuatiliaji? Wakili ana kesi nyingi, kituo kina foleni. Msimamizi wa mirathi ndiye anayewajibika: Mahakama ya Wilaya au Kuu hutaka orodha ya mali ndani ya miezi 6, na hesabu ndani ya mwaka 1.

Warithi wanaelewana na mali ni akaunti moja ya benki? Anzia kituoni. Kihamba kimeshatafutiwa mnunuzi? Wakili, wiki hiihii.