Gita la Squier Telecaster la mtumba, daraja halichezi

Miaka minne nimepiga harusi za Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, kwa gita lenye daraja la kuelea, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gita kinasawazishwa na springi. Uzi ukikatika katikati ya chakacha, springi zinalivuta daraja nyuma, zile nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote. Bi harusi anaingia, mimi nahangaika na vifungo vya kukazia nyuzi!

Mwezi uliopita nikapata Squier Affinity Telecaster kwa kijana mmoja wa Tudor, shilingi 22,000. Umbo ni lile la kampuni ya Fender la mwanzoni mwa miaka ya 1950: daraja limefungwa kwa skrubu kwenye mbao, basi. Kabla ya kulipa nilibonyeza kila uzi kwenye freti ya 12 (mstari wa chuma wa 12 shingoni), nikalinganisha na sauti ya uzi mtupu: inatakiwa iwe noti ile ile, oktava moja juu. Wa tatu ulizidi juu kidogo; nikakaza skrubu ya nyuma ya daraja robo mzunguko, ukatulia. Fanyeni hivyo, msione haya mbele ya muuzaji.

Jumamosi uzi wa kwanza ulinikatikia ukumbini. Nilimaliza wimbo na tano zilizobaki, zote ziko sawa. Ila hewa ya bahari inakula nyuzi, kwa hiyo nazifuta kila nikimaliza kupiga.