Paka wa kukamata panya: yupi wa kuchukua kwanza na yupi wa kuacha

Mahindi yakishavunwa mwezi wa saba wa nane yakaingia stoo, panya nao wanahamia ndani, na hapo ndo nusu ya Moshi inaanza kuulizia paka. Shida ni kwamba watu wanachagua kwa rangi. Mtu anaona kapaka kazuri anabeba, miezi sita baadaye panya wanapita kwenye silingi bodi kama wamelipia na paka kalala kwenye kochi. Aisee, paka wa panya anachaguliwa kwa kumwangalia mama yake.

Kukimbiza kitu kinachotembea paka anazaliwa nako, ila kuua anafundishwa. Watoto wakifika wiki nne tano hivi mama anaanza kuwaletea panya aliyekufa, baadaye analeta aliye hai, anamwachia mbele yao wamalizane naye. Kapaka kalikokulia kwa mama anayelishwa tu dagaa kanaweza kujifunza kenyewe, wengine wanajifunza vizuri kabisa, ila hapo unabahatisha.

Kwahiyo namba moja kwangu ni jike la miezi miwili na nusu mpaka mitatu, mtoto wa mama anayekamata. Hawa huwapati dukani, unawapata kwa watu wenye mahindi na migomba, huko Uru, Kibosho, Marangu, au kwa Arusha upande wa Ngaramtoni na Tengeru, na mara nyingi unapewa bure au unaacha hela ya soda. Ukishampa mama mwenye nyumba shikamoo yake muulize, "Huyu mama yao anakamata?" Mwenye paka mkali hajibu ndiyo halafu akanyamaza, atakusimulia mpaka uchoke, anavyoletewa panya hadi mlangoni kwa chumba. Akisita, shukuru uende nyumba ya pili. Na usikubali kapaka ka chini ya miezi miwili hata kama wanakusukumia, kanakuwa hakajamaliza kufundishwa, kanaharisha, na wengi wanakua na tabia ya kung'ata watu.

Sasa kwenye kuchagua kati ya watoto wanne watano, chuchumaa mbali kidogo ukwaruze gunia kwa kucha. Anayegeuza masikio na kuja kuangalia ndo wako. Anayekimbilia uvunguni asitoke, muache. Macho yawe makavu, masikio yasiwe na uchafu mweusi, na tumbo likiwa kubwa kuliko mwili hiyo ni minyoo, inatibika ila ujue dawa unanunua wewe. Jike na dume angalia chini ya mkia: jike matundu mawili yako karibu na la chini ni kama mstari, dume yako mbalimbali na la chini ni duara. Rangi inasaidia kidogo hapo, mwenye rangi tatu, nyeupe nyeusi na chungwa, karibu wote ni majike, wa rangi ya chungwa tupu wengi ni madume. Mweupe mwenye macho ya bluu mwogope kidogo, wengi wao ni viziwi, na paka anawinda kwa masikio kabla ya macho, anasikia vile vimlio vyembamba vya panya ambavyo sisi hatusikii kabisa.

Namba mbili ni paka mkubwa ambaye tayari anajulikana kwa kazi, mwenyewe anahama. Sakina na Njiro kule Arusha wapangaji wanahama kila siku na paka wanabaki. Huyu anaanza kazi wiki hiyohiyo, kuna watu wangemuweka namba moja na siwapingi, kasoro yake ni kurudi alikotoka. Mfungie ndani wiki tatu hivi, umlishe hapo hapo, ndo umfungulie.

Dume namuweka namba tatu kwasababu bila kuhasiwa anazurura mitaa mitatu, anarudi na vidonda, alaf anakojolea magunia na ile harufu haitoki. Akihasiwa anakuwa mzuri tu, kuwinda hakupungui. Jike naye mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, mimba ni miezi miwili, hesabu mwenyewe.

Paka shume wa mtaani hafugiki ndani, ila ukimuachia chakula nyuma ya nyumba atashughulikia panya wa nje. Tatizo anakula vifaranga, na hilo sio la shume peke yake.

Wa mwisho ni hawa wa manyoya marefu wa Kiajemi wanaouzwa laki kadhaa. Uso umebonyea, manyoya unachana kila siku. Nunua kama unampenda, usimtume stoo.

Paka yeyote utakayechukua, usimtegemee kwa panya buku. Yule anafika kilo moja na zaidi, ndo hao shirika la APOPO pale Morogoro wanawafundisha kunusa mabomu ya ardhini na TB, paka wengi wakimuona wanapita pembeni. Wa kwao ni panya wadogo na wale wa darini ambao hawajawa wakubwa sana.

Alaf hii ya kumnyima chakula ili awinde iache. Paka aliyeshiba bado anawinda, mwenye njaa anahamia kwa jirani. Ila ugali na maziwa peke yake havitoshi, bila nyama au samaki anakosa taurini, kirutubisho ambacho paka lazima akipate kwenye chakula, na macho na moyo vinaharibika, na maziwa yenyewe wakubwa wengi yanawaharisha. Mchanganyie dagaa na utumbo wa kuku uliochemshwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia miezi mitatu. Kama nyumbani kuna mjamzito, kinyesi cha paka azoe mtu mwingine.

Siku unayomleta toa sumu ya panya yote uliyoweka, maana akila panya aliyelewa sumu anaweza kufa naye. Na stoo kama ina mlango wa bati unaofungwa, kata katundu chini anapoweza kupita, maana kuna watu wanalaumu paka wakati funguo wanayo wao.