Mpiga picha asiyepanga watu: maoni ya mweka hazina wa kamati

Kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu mimi ndiye niliyeshika hela, kwa hiyo jina la huyu mpiga picha lilipoletwa mezani nilikuwa wa kwanza kuguna. Milioni mbili na nusu, picha tupu, video hakuna, albamu bei yake mbali. Studio za Sinza zilikuwa zinatupa vyote hivyo kwa chini ya hapo, na kreni juu. Mwenyekiti akauliza, "Huyu anapiga picha au anachora?" Bibi harusi akang'ang'ania: anataka mtu wa kuipiga harusi ilivyokwenda, siyo wa kumwambia "geuza shingo, cheka kidogo, rudia". Tukapitisha kwa shingo upande.

Harusi za Dar mnazijua. Ibada inaisha, maharusi wanapotelea bustanini au ufukweni kupozi, wageni wanakaa ukumbini na soda moja moja mpaka MC anaishiwa vichekesho. Sisi hilo halikutukuta. Kijana aliomba nusu saa tu kwenye ngazi za kanisa kwa picha za familia, na alishatuambia mapema tumwandikie orodha ya makundi na tumpe ndugu mmoja anayezijua sura za watu awe anawaita. Saa moja na nusu usiku maharusi wanaingia ukumbini Mbezi Beach, chakula bado cha moto. Mtu niliyelipia ukumbi kwa saa, hapo nikaanza kulainika.

Ndoa ilifungwa Azania Front. Kanisa lile lilianza kujengwa 1898, na ndani mwanga mzuri ni ule unaoingia madirishani, ambao wapiga picha wetu wengi huufukuza kwa kumwashia mchungaji fleshi usoni. Huyu hakuwasha fleshi hata mara moja. Shati jeusi, kamera mbili mabegani zisizotoa mlio. Wakati wa viapo nilimtafuta kwa macho nisimwone. Droni hakuleta. Alisema kuirusha kunataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na jirani na Ikulu vile hataki hata kujaribu.

Sasa picha. Mama yuko saluni, amebana pini kwa meno, anapambana na zipu ya gauni iliyogoma, na dada wa saluni ameshika feni kumpepea bibi harusi asitoke jasho. Mpuliza tarumbeta yuko nyuma ya pikapu kwenye foleni ya Selander, ameinamisha chombo anamwaga mate, mashavu bado yametuna. Mwenyekiti wetu yuko nyuma ya jiko la ukumbi, tai ameitupia begani, anahesabu kreti za bia kwa kidole. Hiyo ya mwenyekiti niliitupa kwenye grupu la kamati na mpaka leo hajanisamehe. Ngozi za watu nazo kaziacha. Studio nyingi siku hizi zinamrudisha bibi harusi mweupe kuliko shela. Wetu ni maji ya kunde, na kwenye picha ni maji ya kunde.

Lawama ninazo pia. Taa za ukumbi zilikuwa zambarau, zikamfanya kila mtu awe na rangi ya bilinganya, na dawa yake ikawa kuzigeuza picha nyingi za usiku kuwa nyeusi na nyeupe. Jamani, sare ya familia tuliibishania mpaka watu wakanuniana, halafu kwenye picha ni kijivu!

La pili ndilo zito. Kikundi cha vikoba cha mama kilileta friji. Kina mama wameingia nalo wanacheza, wanalisukuma, vigelegele juu. Tunayo picha ya mikono kwenye friji, ya viatu vilivyovuliwa, ya shangazi anajipepea kwa bahasha ya zawadi. Picha ya kikundi kizima kimesimama na maharusi, friji katikati, wote wanatazama kamera, haipo. Nilimfuata nikamwambia, "Kaka, wapange basi mara moja tu." Akanijibu kwa adabu, "Dada, nikiwapanga hawa, itabidi niwapange na wote walio nyuma yao." Foleni ya zawadi ilikuwa imefika mlangoni, na mkataba ulisema hivyohivyo, hapangi mtu ukumbini. Lakini nenda ukamweleze mambo ya mkataba mama wa vikoba aliyechangia friji.

Malipo yalikuwa nusu advansi, nusu siku ya kukabidhiwa. Picha zilikuja kwa linki kabla ya tarehe tuliyoandikiana. Hela yake ameifanyia kazi, nasema hivyo nikiwa niliyeguna.

Kwa send-off ya kitinda mimba wetu tumeshampa advansi mpiga picha huyuhuyu. Ila safari hii tumechukua na kijana wa studio ya Sinza, kazi yake moja: asimame pale kwenye zawadi, apange watu, apige.